Mstari wa Kumi na Nne

Foleni ya mkate ilikuwa imetoka nje ya mlango wa bekari, imepita duka la vocha, na sasa ilikuwa inakaribia kuziba kituo cha basi, wala haikuwa inasogea. Saa moja na nusu asubuhi, mtu mwenye njaa na haraka si mtu wa kusalimiana naye. Mama mmoja alidai mwenye bekari amelala, mzee mmoja akadai unga umekwisha nchi nzima, na katikati yao alisimama dada mwembamba mwenye sketi mpya ya kijivu na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili, akitazama saa kila baada ya pumzi tatu. Alikuwa mhasibu, na hii ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye kazi mpya.

Njaa yenyewe hakuwa nayo. Aliingia foleni kwa sababu ya harufu tu, na sasa ubishi ulikuwa umemkamata. Alishapoteza dakika kumi na mbili na hakutaka ziende bure. Akajipenyeza mpaka kaunta. Nyuma ya kaunta ilisimama oveni ya chuma, pana kama kabati la nguo, na chini yake ilichungulia miguu miwili yenye buti na soksi za njano.

"Kaka," mhasibu akaiambia ile miguu, "itachukua muda gani?"

"Dakika tisa, dada," miguu ikajibu.

"Tisa? Kwa nini isiwe kumi?"

"Kumi husema mtu anayekisia."

Foleni ikacheka. Mhasibu hakucheka. Aliinua mkono akaitazama saa yake waziwazi, kwa nia ya kumwaibisha mtu huyo mbele ya hadhara. Dakika ya nane miguu ilianza kusogea. Ikatoka ovaroli ya bluu, yakatoka mabega mapana, kisha ukatoka uso wenye unga upande mmoja na masizi upande wa pili, na macho yanayocheka katikati. Mtu huyo akabonyeza swichi. Feni ya oveni ikanguruma, bekari nzima ikapiga makofi, na saa ya mhasibu ilionyesha dakika nane na sekunde hamsini.

"Umewahi," mhasibu akasema, kwa kukosa neno lingine.

"Samahani," akajibu fundi. "Nitajirekebisha."

Alifika kazini amechelewa robo saa, na chembe za skonzi kwenye kola. Dada wa mapokezi alimtembeza ofisi zote za kampuni, ambayo biashara yake ilikuwa kuuza na kufunga oveni za bekari, akamfikisha mwisho kabisa kwenye karakana, mahali pa kelele na harufu ya chuma kilichokatwa sasa hivi. Akamwita fundi mkuu aje asalimie. Fundi mkuu akageuka. Unga alishaunawa, lakini masizi bado yalikuwa sikioni.

"Tumeshakutana," wakasema wote wawili kwa pamoja, na dada wa mapokezi, ambaye hakuna kitu kilichompita katika jengo lile, akaandika jambo kichwani mwake.

Ni vizuri kusema mapema kwamba mhasibu huyu hakuwa mtu wa kupenda ovyo. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na minne kati ya hiyo ilikuwa imeliwa na mchumba mmoja aliyeahidi ndoa kila mwaka na kila mwaka akaisogeza mbele. Mama yake alimwita kijana huyo Bwana Mwakani, na hata baada ya uchumba kuvunjika aliendelea kumtaja kwa jina hilo hilo kila alipopiga simu. Mwanamke aliyepita hapo hababaishwi na maua wala na maneno matamu. Lakini mwanamume anayesema tisa na ikawa tisa, huyo alimkosesha usingizi siku mbili.

Kazi iliyomleta ilikuwa moja. Kampuni ilikuwa imezoea kuhesabu mauzo kwa njia rahisi na ya furaha: mteja akisaini, bei yote inaandikwa kuwa mapato siku hiyo hiyo, watu wanapongezana. Viwango vipya vya uhasibu viliikataa furaha hiyo. Sasa kila mkataba ulitakiwa kupasuliwa ahadi moja moja: oveni yenyewe, kazi ya kuifunga, matengenezo ya miaka miwili. Bei inagawanywa kwa ahadi hizo, na fungu la kila ahadi linahesabiwa kuwa mapato pale tu ahadi inapotimizwa. Kabla ya hapo, fedha inaweza kuwa imelala benki, lakini vitabuni bado ni deni ambalo kampuni inadaiwa na mteja. Na benki ilishasema wazi kwamba mkopo wa kujenga karakana mpya hautatoka mpaka ione hesabu za mwaka zilizoandikwa namna hiyo.

Kwa hiyo mhasibu alipita dawati kwa dawati na daftari lake, akimuuliza kila mtu swali lile lile kuhusu kila mteja: mlimwahidi nini? Wiki ya pili hakuna aliyemwita kwa cheo chake tena. Walimwita Bi Ahadi. Meneja wa mauzo, bwana mwenye tai zinazong'aa na kicheko cha kukopa, alikuwa akijificha chooni akisikia viatu vyake. Alilalamika kwa yeyote aliyemsikiliza kwamba ameuza oveni kumi mwezi huu na huyu mama amemwachia sita na nusu.

Karakana peke yake ndiyo iliyompokea vizuri. Kila Ijumaa fundi mkuu alijaribu oveni mpya kabla ya kuipeleka kwa mteja, na oveni haijaribiwi kwa maneno. Inajaribiwa kwa mkate. Saa saba mchana mikate mitatu ilitoka, na mmoja kati ya hiyo, pasipo mtu yeyote kuamua, ukawa wa Bi Ahadi. Walikula wamekaa kwenye meza ya kufanyia kazi, yeye ametandika gazeti ili sketi isishike mafuta, fundi amevua ovaroli na kubaki na shati safi la mistari ambalo mafundi wenzake waliapa hawajawahi kuliona kabla ya mwezi ule.

"Shati zuri," Bi Ahadi alimwambia Ijumaa ya tatu.

"Hili? La siku nyingi."

"Bado lina mikunjo ya dukani."

Fundi alilitazama shati lake kama mtu aliyesalitiwa nalo, na Bi Ahadi akacheka mpaka mkate ukampalia.

Kutoka hapo zikaja simu. Fundi alipiga saa moja jioni, isiyozidi wala kupungua, na Bi Ahadi alizoea kukaa na simu mapajani kuanzia saa moja kasoro tano huku akijidai anasoma. Waliongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Bi Ahadi alimuuliza leo amevaa nini, akajibiwa ovaroli; akamuuliza ndani ya ovaroli, akaambiwa dada huyo ana maswali ya ukaguzi. Fundi alimwita Bi Ahadi wangu, kisha siku moja akateleza akamwita roho yangu, akaharakisha kuulizia hali ya hewa. Mama yake Bi Ahadi alipopiga na kukuta simu inatumika kila jioni, aliuliza kama ni yule Bwana Mwakani. Akaambiwa si yule, ni fundi. Mama akavuta pumzi, akasema mafundi nao wana sifa zao za kuchelewa. "Huyu hapana, mama," akasema binti, kwa sauti ambayo mama hakuwa ameisikia kwa miaka minne.

Basi mambo yalikuwa matamu hivyo, mpaka Ijumaa moja fundi alipomsimulia habari za oveni zake sitini na nne.

Hizo zilikuwa zile za zamani, ambazo miaka miwili ya matengenezo ilishakwisha. Mkataba haukumdai kitu. Lakini mara moja kila mwaka, mwezi ule ule aliozifunga, fundi mkuu alikwenda kuzitembelea, bure, na tochi yake na mipira ya kuziba milango aliyoisaini stoo. Alifungua, akasafisha, akakaa dakika chache amefumba macho akisikiliza feni inavyozunguka. Alikuwa akifanya hivyo kwa miaka kumi na moja.

"Nani alikutuma?" Bi Ahadi akauliza.

"Hakuna. Nimeifunga mimi, naijua sauti yake. Ikianza kuugua nataka nijue."

"Na wenye bekari wanajua utakuja?"

"Nikichelewa wiki moja wananipigia simu kuuliza kama naumwa."

Bi Ahadi aliacha kutafuna. Alimtazama mtu huyo kwa macho mawili tofauti kwa wakati mmoja. Jicho moja lilikuwa la mwanamke aliyeona ni nani anayetaka kuzeeka naye. Jicho la pili lilikuwa la mhasibu, kwa sababu viwango vipya vinasema hivi: hata ahadi isiyoandikwa popote, kama mteja ameizoea na anaitegemea, nayo ni ahadi, na ina fungu lake. Hapo ndipo alipotakiwa kuweka mkate chini na kusema, mpenzi, hili nitalazimika kuliandika, naomba nikueleze. Msomaji angesema hivyo, na mimi ningesema hivyo. Yeye alinyamaza. Alikuwa na wazo zuri zaidi, au aliloliona zuri: kazi ya miaka kumi na moja isiyoonekana popote ingeingia vitabuni kwa mara ya kwanza, na fundi angeikuta pale kama zawadi, mbele ya wakubwa wote. Alasiri ile ile akaongeza mstari mmoja kwenye jedwali lake. Ulikuwa wa kumi na nne.

Mkutano ulikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Mkurugenzi, mjane mfupi wa miwani mizito aliyeianzisha kampuni pamoja na marehemu mumewe, alikaa kichwani mwa meza. Wakuu wa idara wakajipanga pembeni, fundi mkuu kati yao akiwa na lile shati la mistari. Bi Ahadi alivaa gauni la zambarau na hereni ndogo, na alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha keki nyuma ya mlango. Aliwapitisha mistari kumi na mitatu, taratibu, na nyuso zikazidi kukunjamana. Alipofika wa kumi na nne, kabla hajafungua mdomo, mkurugenzi alishausoma kwa sauti: ziara za bure za fundi mkuu, oveni sitini na nne. Kisha akasoma kiasi kilichokuwa mbele yake, kiasi ambacho hakiruhusiwi kuhesabiwa tena kuwa mapato ya mwaka ule. Kilikuwa karibu theluthi ya faida yote.

"Kumbe," akasema meneja wa mauzo akirekebisha tai, "sisi tunauza mchana kutwa, na kuna mwenzetu anagawa bure kwa mlango wa nyuma."

Watu wawili wakacheka. Bi Ahadi alianza kueleza kwamba sivyo, kwamba fedha hizo hazikupotea, lakini alianza kwa lugha ya viwango, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Fundi mkuu aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Haya uliyaandika siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa tulikuwa tunakula."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma. Aliirudisha karatasi yake katikati ya meza, akaomba ruhusa, akatoka.

Jioni ile saa moja ikafika na simu haikulia. Bi Ahadi akapiga yeye, haikupokelewa. Akapiga tena na tena.

Upande wa pili wa mji, fundi alikuwa amekaa jikoni kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Dada huyo alikuwa anakata kitambaa na hakuinua macho. Alimuuliza kama huyo mwanamke ameandika uongo. Fundi akasema hapana. Ameandika kwamba umeiba? Hapana.

"Sasa unalia nini?"

"Aliandika kitu nilichomwambia nikiwa nacheka naye," fundi akajibu. "Nilidhani nilikuwa naongea na mtu wangu. Kumbe nilikuwa nahojiwa."

Dada yake akaweka mkasi chini.

Na kwa kuwa fundi alikuwa mtu wa kutenda, asubuhi yake akatenda. Kama ziara zake zinaila faida ya kampuni, basi zikome. Alituma ujumbe mfupi kwa wenye bekari wote sitini na wanne, kwa heshima, akiwaambia kwamba kutokana na utaratibu mpya hatakuja tena, na akawashukuru kwa chai ya miaka yote. Kufika saa tatu simu za mapokezi zilikuwa zinalia zote kwa pamoja. Dada wa mapokezi alizima moja ili ajibu nyingine, na kila sauti ilitaka kujua fundi amefukuzwa na nani.

Mkurugenzi akamwita Bi Ahadi ofisini kwake. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba kama ziara zimesimama, basi labda hakuna ahadi tena, na kama hakuna ahadi, mstari wa kumi na nne unafutika, faida inarudi, benki inafurahi. Meneja wa mauzo, aliyekuwa amesimama dirishani, akaongeza kwamba hata fundi mwenyewe heshima yake itarudi, kwa kuwa jina lake halitakuwa tena kwenye karatasi.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshika. Bi Ahadi alirudi mezani pake, akafungua jedwali, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kubonyeza mara moja, na pengine jioni simu ingelia. Alikaa hivyo mpaka chakula cha mchana kikapita. Kilichomzuia hakikuwa ushujaa. Ni kwamba aliisoma tena ile namba, sitini na nne, akaona kwamba akiifuta atakuwa amesema miaka kumi na moja ya mtu yule haikuwepo. Akamwomba mkurugenzi siku tatu.

Alizitumia kwa miguu. Alivaa viatu bapa, akaanza na bekari za karibu, akauliza swali lake la siku zote, safari hii kwa mteja: ulipoinunua oveni, uliahidiwa nini? Mama mmoja mnene mwenye mikono iliyojaa unga mpaka viwikoni alimkalisha kwenye gunia kwanza.

"Mwanangu, oveni yenu ni ghali kuliko za wale wengine wote. Unadhani sijui?"

"Sasa kwa nini ulinunua?"

"Kwa sababu nilimuuliza jirani yangu kama oveni yake inaharibika, akasema hajui, maana kuna mtu huja kabla haijaharibika. Nikasema nami namtaka mtu huyo. Hicho chuma ni chenu, mimi nilinunua kuja kwake. Leo mnaniambia haji, basi nirudishieni fedha ya kuja."

Bi Ahadi alimwomba ayaandike na kuyasaini. Siku ya kwanza alipata barua kumi na nne, siku ya pili ishirini na moja, na nyingine zikatumwa kwa simu. Mpaka siku ya tatu jioni, wenye bekari hamsini na saba walikuwa wamesema jambo moja kwa maneno tofauti.

Katikati ya pilikapilika hizo mama yake akapiga. Alishasikia habari yote, na alitaka kujua jambo moja: je, binti ameomba msamaha?

"Mama, nimempigia mara kumi na moja."

"Sikukuuliza umepiga mara ngapi. Umemwomba msamaha?"

Ukweli ni kwamba kila Bi Ahadi alipopiga alikuwa ameandaa maelezo. Yalikuwa maelezo mazuri, yenye mpangilio. Msamaha haukuwemo hata kwenye mstari mmoja.

Mkutano wa pili ulikuwa wa watu watatu tu: mkurugenzi, Bi Ahadi na mkaguzi wa hesabu kutoka nje, mzee mpole aliyezisoma barua zote bila kuruka. Safari hii Bi Ahadi aliongea Kiswahili cha mama yake. Fedha za mstari wa kumi na nne hazijaliwa, akasema. Wateja walizilipa siku ya kwanza, ndani ya ile bei ghali, kwa ajili ya ziara hizo. Zimekaa zinasubiri. Kila fundi anapokwenda bekari, fungu moja linakuwa mapato halali, mwaka huu na mwaka ujao na unaofuata. Mwaka wa kwanza faida itaonekana imekonda, ni kweli. Lakini ujumbe mfupi wa simu haufuti kitu ambacho mtu ameshakilipia, na karakana, ambayo vitabuni siku zote ilikuwa shimo la gharama, ndiyo iliyokuwa inauza oveni.

Mkaguzi akakubali kwa kichwa. Mkurugenzi alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alisema mumewe, enzi za uhai wake, naye alikuwa na tabia ya kwenda kuzisikiliza oveni. Kisha akaagiza ziara zirudi, ziandikwe kwenye mikataba yote mipya, na karakana ipewe gari dogo la kuzifanyia. Meneja wa mauzo alipopata habari hakuchelewa; mchana huo huo alikuwa anamwambia mteja kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyebuni jambo hilo mwenyewe, kuhusu ziara yetu maarufu ya kila mwaka. Benki nayo ilizisoma hesabu mara mbili, ikauliza maswali tisa, ikaridhika.

Fundi mkuu alipata habari za gari kwa barua rasmi. Hakuja ofisini kushukuru. Siku hiyo alikuwa kwenye chumba cha nyuma cha bekari moja ndogo, mlango wa oveni ameuegesha ukutani, mikono myeusi mpaka kifundo. Bi Ahadi aliambiwa na dada wa mapokezi alipo, wala hakulazimika kuuliza. Aliingia na gauni la njano ambalo si la kazini, akasimama kati ya magunia ya unga na trei.

"Sijaja kueleza," akasema. "Nilipaswa kukuambia wewe kwanza, peke yetu, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuaibisha mbele ya watu kwa jambo uliloniamini nalo. Nisamehe."

Fundi alikuwa ameshika bisibisi. Aliizungusha mkononi, akaiweka chini.

"Sikuumia kwa sababu uliandika," akasema. "Ukweli ni ukweli. Niliumia kwa sababu nilisikia pamoja na meneja wa mauzo."

"Najua."

"Nimeambiwa ulitembelea bekari zote hizo."

"Karibu zote. Nyingine kwa simu."

"Kwa viatu gani?"

Akamwonyesha. Vilikuwa vimeisha upande mmoja. Fundi alivitazama, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, kicheko kikaishia katikati kwa sababu kulikuwa na kitu kingine kinachotaka kutoka.

"Nimekukosa mpaka nimekuwa mjinga," akasema. "Jana nimefunga feni kinyumenyume. Mimi sitaki kurudi kwenye mikate ya Ijumaa na simu za jioni, hayo hayanitoshi tena. Nataka nikuoe. Nyumba moja, meza moja, ukiwa na jambo unaniambia mimi kwanza, nami vivyo hivyo. Sina maneno mengi zaidi ya hayo."

Jibu lilikuwa limeshamfika Bi Ahadi ulimini. Akalizuia.

"Kabla sijakujibu," akasema, "kuna jambo."

Uso wa fundi ukapoa. Alijifuta mikono kwenye ovaroli, akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia kama mtu anayesubiri hukumu.

"Nilipozipitia zile oveni sitini na nne," Bi Ahadi akasema, "nimekuta tatu hujazigusa kwa miaka miwili. Wenyewe wamesaini. Unamwambia kila mtu kwamba kila mwaka unafika kote, na si kweli. Kesho naandika. Hakuna aliyeona bado, hata mkurugenzi. Nimetaka ulisikie kwangu, hapa, sasa."

Nje, kaunta ilikuwa inaendelea kuuza mikate ya jana. Fundi aliinama, akazihesabu kwa vidole, na kila kidole kilimchukua muda, maana alizijua ni zipi hata kabla hajatajiwa. Moja ipo barabara iliyokuwa inajengwa, akaahirisha. Ya pili aligombana na mwenyewe juu ya jambo la kipuuzi. Ya tatu aliisahau, na hiyo ya tatu ndiyo iliyomfanya aone aibu ya kweli. Aliinua kichwa, na hakukuwa na hasira usoni.

"Andika," akasema. "Zote tatu. Nitaanza na hizo wiki hii." Kisha akauliza, taratibu, "Kuna lingine?"

"Hakuna lingine. Nimemaliza." Akapumua. "Sasa ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nioe."

Fundi akasimama kwa ghafla mpaka ndoo ikabingirika. Alinyoosha mikono, akaiona ilivyo myeusi, akataka kuirudisha, lakini Bi Ahadi alikuwa ameshaingia kifuani mwake na gauni lake la njano. Walikaa hivyo mpaka mwenye bekari akaja kuchungulia oveni imefikia wapi, akaona, akarudi kaunta kuwaambia wateja wavumilie kidogo.

Bi Ahadi alirudi ofisini saa nane mchana na alama nyeusi ya mkono mzima mgongoni mwa gauni, vidole vitano vyote vinahesabika. Akapita mapokezi, akapita mauzo, akapita mbele ya mlango wa mkurugenzi uliokuwa wazi, na hakuificha.